Kitendawili Kisichoitikiwa "Tega"

Swali: "Shikamoo mwalimu. Wiki iliyopita tulitazama mother! nyumbani, mimi, mke wangu na shemeji yangu. Ilipofika sehemu ya mtoto mchanga mke wangu alinyanyuka, akaingia chumbani, na mpaka leo hataki niitaje. Shemeji anasema ni filamu bora kuliko zote alizowahi kuona, na asiyeipenda hakuielewa. Mimi nilikwenda kusoma maelezo, nikaambiwa nyumba ni dunia na yule mume ni Mungu. Nimeelewa, ila bado siipendi. Je, tatizo ni mimi? Na inakuwaje filamu moja itugawe hivi watu wa nyumba moja?" Msomaji, Tanga.

Marahaba ndugu yangu, na pole kwa usiku ule. Tatizo si wewe, na mkeo si mtu wa kuelimishwa. Shemeji yako ana haki ya kuipenda filamu hiyo. Mimi mwenyewe naiheshimu sana na nimeionyesha darasani zaidi ya mara moja. Anapokosea ni pale anapodhani kuelewa na kupenda ni kitu kimoja. Wewe umeifumbua na bado moyo umekataa. Filamu za namna hii huwafanyia watu hivyo, na sababu zake zinaeleweka.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: mother!, ambayo jina lake huandikwa kwa herufi ndogo na alama ya mshangao, ni kazi ya Darren Aronofsky wa Marekani, ya mwaka 2017. Jennifer Lawrence ni mke kijana anayekarabati kwa mikono yake nyumba kubwa iliyosimama peke yake katikati ya nyasi na miti. Javier Bardem ni mumewe, mshairi mwenye jina ambaye kalamu imekauka. Usiku mmoja mgeni anabisha hodi (Ed Harris), na mume anamwambia alale, bila kumuuliza mke. Kesho yake anafika mke wa mgeni (Michelle Pfeiffer), kisha wanao wawili wa kiume wakigombania urithi, na mmoja anamuua mwenzake. Wanakuja waombolezaji. Baadaye mke anapata mimba, shairi jipya linatoka, na umati wa mashabiki unamiminika, unamwabudu mshairi na kuing'oa nyumba kipande kipande. Ndani ya vurugu hizo mke anajifungua. Yanayompata mtoto sitayasimulia kwa kirefu. Umati unamuua na kumla, na hapo ndipo mkeo alipoondoka. Wahusika hawana majina. Kwa fumbo lake, mume ni Mungu, mke ni Dunia, wageni wa kwanza ni Adamu na Hawa, ndugu wawili ni Kaini na Abeli, na ule umati ni sisi.

Mgawanyiko wa sebuleni kwenu ulianzia Venice, Septemba 2017, kwenye tamasha la filamu, ambako mother! ilizomewa na kupigiwa makofi papo hapo. Siku chache baadaye ikaingia kwenye kumbi za Marekani, na huko ikakutana na CinemaScore. Hii ni kampuni ya Las Vegas ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hufanya kazi moja: usiku wa kwanza wa filamu huwagawia watazamaji kadi ndogo wajaze alama kama za shule, kuanzia A+ hadi F. Anayekata tiketi usiku wa kwanza kwa kawaida ni mtu aliyekuwa akiingojea filamu kwa hamu, kwa hiyo alama huwa za ukarimu, na B kwa filamu kubwa huhesabiwa kuwa habari mbaya. mother! ilipewa F. Zilizowahi kupewa F katika miaka yote hiyo ni kama 20 hivi. Na wakati huohuo wahakiki wengi magazetini walikuwa wakiisifu.

Shemeji yako ataisoma F hiyo kama ushahidi kwamba watu wa kawaida hawana akili ya sanaa. Mimi naisoma vingine. Zitazame nyingine zilizopata F. Solaris ya mwaka 2002, ya Steven Soderbergh, yumo George Clooney. Killing Them Softly ya mwaka 2012, yumo Brad Pitt. Filamu hizi zimetengenezwa kwa ustadi, ni za polepole na zinahitaji subira, lakini zina uso wa nyota anayependwa na kila mtu. Waliokwenda kumwona Clooney walikuta mtu mwenye majonzi angani, akizungumza taratibu na kumbukumbu za marehemu mkewe. Kadi ile hupima umbali kati ya ulichoahidiwa mlangoni na ulichopewa ndani. Ndiyo maana filamu dhaifu ya vichekesho inaweza kuondoka na A, kwa kuwa ilitoa kilekile ilichotangaza.

Sasa, mother! ilitangazwa namna gani? Bango la kwanza lilitolewa Siku ya Mama, Mei 2017: mchoro wa Lawrence katikati ya maua, ameushika moyo wake mwenyewe mikononi. Bango jingine liliiga waziwazi lile la Rosemary's Baby, filamu ya kutisha ya mwaka 1968 kuhusu mwanamke mjamzito. Vionjo vilionyesha nyumba yenye siri, wageni wa ajabu na mke anayetetemeka. Mtu yeyote angesema hii ni filamu ya kutisha, na nyota wake ni yuleyule msichana shujaa wa The Hunger Games. Wiki ileile It, filamu ya kutisha kweli, ilikuwa bado imejaza kumbi. Watu wakaingia wakitarajia jini, labda shetani, na mwishoni maelezo ya kilichokuwa kikiendelea. Wakaletewa kitabu cha Mwanzo, gharika, ibada, vita na moto ndani ya saa mbili, bila mtu wa kuwaambia wako wapi.

Sisi watu wa Kiswahili tuna jina la kosa hilo, kwa sababu mafumbo tumelelewa nayo tangu utotoni. Anayetaka kututegea huanza kwa kusema "Kitendawili!", naye hasemi neno jingine hadi tuitike "Tega!" Kwa kuitika tumekubali kuchezewa akili, na tumeambiwa kwamba yanayofuata yasichukuliwe kwa uso wake. Kwenye ngano ni hivyohivyo: bila "Pakawa" hakuna anayesimulia. Na tukishindwa, mwenye kitendawili haropoki jibu. Anadai mji, tunampa mji, ndipo anafumbua. Kila hatua ina ridhaa ya pande mbili. Aronofsky alitega bila kusubiri kuitikiwa. Kisha, filamu ikiwa bado mpya, yeye na Lawrence wakaeleza kwenye mahojiano kwamba mke ni Dunia na mume ni Muumba, kabla ya mtu kutoa mji wowote. Wapo waliopata nafuu kwa kuambiwa. Wengine walijihisi wamedanganywa mara mbili, kwanza mlangoni, kisha nje.

Nina kipimo cha jambo hili kutoka kwa mwongozaji huyohuyo. Mwaka 2014 alitoa Noah, kisa cha gharika, na Russell Crowe ndiye Nuhu. Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu ziliizuia kwa kuwa inaonyesha sura ya nabii, kwa hiyo ndugu zetu walioko kule hawakuiona ukumbini. Marekani nako Wakristo wengi waliilalamikia kwa uhuru iliojipa na maandiko. Lakini aliyeingia alijua anaingilia nini, na aliyekataa alijua anakataa nini. Noah iliingiza zaidi ya dola milioni 350 duniani. mother! ina uumbaji uleule, dhambi ileile na gharika ileile, ila vimefungiwa ndani ya nyumba ya mtu na ufunguo umefichwa. Iliingiza kama milioni 44, na kuitengeneza kuligharimu milioni 30 hivi.

Hiyo ndiyo sehemu ya ghadhabu inayotokana na ahadi, na kwangu ndiyo sehemu nyepesi. Wewe uliitazama nyumbani miaka mingi baadaye. Pengine hukuona bango lolote. Nyumbani kwenu kuna kitu kingine kilichotokea.

Kamera ya filamu hii ina mahali patatu tu pa kukaa karibu muda wote: usoni kwa Lawrence, begani kwake, au machoni kwake ikiona anachokiona. Hupewi nafasi ya kusogea nyuma ukapumua. Aronofsky alimwajiri Jóhann Jóhannsson atunge muziki, kisha wote wawili wakakubaliana kuuondoa wote. Zimebaki sauti za nyumba yenyewe: mbao zinazolia, nyayo, bomba, pumzi. Muziki wa filamu ndio humwambia mtazamaji ajiandae, sasa kunakuja kitu, au atulie, yamepita. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulizoea hata zaidi ya muziki. Tulikuwa na watu wa kutufasiria na kutusimulia filamu kwa lugha yetu inapoendelea: Dar es Salaam tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Kampala wapo ma-VJ wao. Filamu iwe ngumu vipi, kulikuwa na sauti ya mtu wa nyumbani imekushika mkono. Kwenye mother! umeachwa peke yako na uso wa mwanamke ambaye naye hajui kinachoendelea.

Chukua sinki la jikoni. Mke analikarabati jiko, na sinki bado halijafungwa vizuri ukutani. Wakati wa msiba wageni wawili wanalikalia. Anawaambia kwa adabu: jamani, tafadhali shukeni, halijafungwa. Wanashuka, akigeuka, wamepanda tena. Anarudia, na kila akirudia sauti yake inapanda na adabu inapungua. Mwishowe wanalidundia makusudi. Sinki linang'oka, bomba linapasuka, maji yanaruka hadi darini, na kwa mara ya kwanza anapiga kelele kuwafukuza watu, nao wanatoka. Ukitaka fumbo, hiyo ndiyo gharika. Lakini mwili wako haukungoja fumbo. Ulishakasirika tangu mara ya pili walipopanda, kwa sababu kila mtu amewahi kukaribisha mgeni asiyesikia.

Mara zote nilizoionyesha kwa watazamaji wa kwetu, saa ya kwanza ndiyo inayowagusa kuliko nilivyosoma kuhusu watazamaji wa Marekani, na sababu ni ugeni. Kwetu mgeni ana heshima yake na mipaka yake. Siku ya tatu hupewa jembe. Hapa hakuna anayepewa jembe, na anayesema "karibu" siye anayepika wala kufua mashuka. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa mstari wa mbele alinong'ona kwa uchungu wa kweli: "Huyu mwenye nyumba hajakaribisha mtu hata mmoja." Hakuwa amesikia lolote kuhusu Mungu na Dunia. Bado alikuwa ameshika shina la filamu nzima. Mwambie shemeji yako kisa hicho anaposema habari za wasioelewa.

Sasa sehemu ya mtoto. Hapa nina jambo langu la kukiri.

Nilipoionyesha mara ya kwanza kwa wanafunzi, niliitambulisha kwa fahari kama istiara, nikawaomba wavumilie hadi mwisho ndipo tuzungumze. Mmoja wao alikuwa amejifungua miezi michache kabla. Nilijua hilo; nilikuwa hata nimempongeza. Sikufikiri. Tulipofika pale, alitoka. Filamu ilipoisha nilimkuta barazani ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili, na maziwa yalikuwa yamelowesha gauni lake kifuani. Mtoto wa kwenye filamu alikuwa amelia, na mwili wake ukaitika. Aliniambia maneno mawili tu: "Ungesema, mwalimu."

Nimeyafikiria maneno hayo kwa miaka. Istiara hutaka mtu ageuke ishara: mtoto si mtoto, ni Kristo, na kuliwa kwake ni komunyo. Kwenye ukurasa hilo linawezekana kwa urahisi, kwa kuwa neno "mtoto" halina joto wala harufu. Filamu haina uwezo huo wa kujitenga na nyama. Inapokuonyesha mtoto, inakuonyesha mtoto huyu, mwenye shingo isiyokaza, anayepitishwa juu ya vichwa vya watu mkono kwa mkono. Maana huja baadaye, kichwani. Picha imeshaingia, na maana haiwezi kwenda kuitoa. Shemeji yako ana kichwa kinachowahi. Maana ilimfikia mapema, ikamkinga. Mkeo picha ilimfikia kwanza, ikakaa. Siwezi kusema mmoja ametazama vizuri kuliko mwingine. Nikilazimishwa, nitasema mkeo ndiye aliyepokea kile ambacho mwongozaji alikusudia: Aronofsky alitaka tuumie kwa kinachofanyiwa dunia, na yeye aliumia.

Kuna mahali, hata hivyo, ninapoona filamu yenyewe inateleza, na hapa siwezi kukubaliana na wanaoitetea bila kipimo. Baada ya mtoto, umati unamwangusha mke, unampiga na kumchania nguo. Ishara inasema hii ni Dunia inaharibiwa. Lakini matusi wanayomtupia si ya mtu anayeharibu msitu au bahari. Ni matusi ambayo wanaume huwatupia wanawake wanapowapiga, neno kwa neno. Kwa dakika hizo fumbo linayeyuka, tunabaki na mwanamke sakafuni, na kila aliyewahi kushuhudia jambo hilo chumba cha pili anajua anachokiona. Huwezi kumwambia mtazamaji wa namna hiyo "elewa, huyu ni Dunia". Anajua zaidi ya fumbo.

Umetaja pia kwamba mume ni Mungu. Hukusema hilo limekugusa vipi, ila kwa wengi wanaoniandikia ndilo lenye uzito kuliko yote. Muislamu hakubali Mungu avalishwe sura ya mtu, sembuse sura ya mshairi mwenye kiu ya sifa. Mkristo naye anaona komunyo imegeuzwa karamu ya kutisha. Kujua kwamba ni istiara hakupunguzi uzito huo. Kunauongeza, kwa kuwa sasa unajua nani anatukanwa. Mtu anayezima filamu kwa sababu hiyo amekataa akiwa na macho wazi, na nisingependa mtu yeyote amwite mshamba.

Kwa upande wa shemeji yako, asije akadhani namnyang'anya furaha. Anaye mtetezi mkubwa. Oktoba 2017 Martin Scorsese, mwongozaji mkongwe wa Marekani, aliandika kwenye jarida la The Hollywood Reporter kuitetea mother!, akilalamika kwamba filamu sasa zinapewa alama na asilimia kama vile ni bidhaa, na kwamba kuna watu walioonekana kufurahia ile F. Kwa hilo nakubaliana naye kabisa. Filamu iliyotengenezwa kwa ujasiri huu, kwa fedha za studio kubwa kama Paramount, haitokei kila mwaka. Lawrence aliigiza zile dakika za mwisho mpaka akapumua vibaya na kuumia ubavu, na unauona ukweli huo usoni pake. Kama shemeji ametikiswa na ufundi huo, ametikiswa na kitu kilichopo kweli. Ninachomwomba ni kimoja, aache kutumia filamu hiyo kama mtihani wa kuwapima watu akili, hasa dada yake.

Mkeo usimwombe airudie, wala usimsomee maelezo uliyoyasoma wewe. Kama siku moja atataka mwenyewe kuzungumza, muulize kuhusu wageni na sinki, ambayo ni nusu ya kwanza, kabla ya mambo kuharibika. Nadhani mtakuta mna mengi ya kusema. Na mkitaka kutazama filamu nyingine ya namna hii pamoja, anayeileta aseme kabla ya taa kuzimwa kwamba ni fumbo, na aseme kama kuna mtoto anaumizwa, au mwanamke. Tangu siku ile ya barazani mimi husema. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia nimemharibia utamu, na wanaobaki hubaki kwa kutaka.

Kwa shemeji, mpe kazi ndogo. Karibu na mwanzo wa filamu, baada ya picha fupi za moto, mwanamke anaamka kitandani, anapapasa upande wa pili, hakuna mtu, anauliza, "Beibi?" Inaisha mwanamke mwingine akiamka kitandani hapohapo, anapapasa, anauliza neno hilohilo. Mwanzoni sote tulidhani anamwita mume. Mwombe aangalie sehemu hizo mbili tu, ya kwanza na ya mwisho, kisha umuulize ile mara ya pili anaitwa nani. Akikujibu, niandikie.